Umepoteza hisia za tendo la ndoa baada ya upasuaji au dawa? Fanya haya

Wengi hulikalia kimya, wengine huacha dawa kwa siri. Ukiwa Liuli, anzia Hospitali ya Mtakatifu Anne. Mji mdogo, watu wanajuana, hivyo una haki ya kuomba kuongea na daktari faragha.

Kwa nini hutokea?

Upasuaji wa tezi dume au kizazi unaweza kugusa mishipa ya fahamu, nayo hupona taratibu. Tezi dume ikiondolewa yote, nafuu inaweza kuchukua hadi miaka 2. Aliyekwanguliwa tezi dume anaweza kufika kileleni bila manii kutoka: huingia kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Haidhuru mwili, ila hupunguza uwezekano wa kutungisha mimba.

Dawa za sonona kama fluoxetine, na baadhi za presha kama atenolol, nazo zinaweza kupunguza hamu au hisia.

Ufanyeje?

• Usikatishe dawa ghafla. Atenolol ikiachwa hivyo inaweza kuleta shida ya moyo. Sema tatizo lilianza lini. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa.

• Ongea na mwenzi wako. Msiharakishe, papasaneni, tumieni kilainishi cha maji kama kuna ukavu.

• Usinunue vidonge vya nguvu za kiume mtaani. Vikikutana na dawa fulani za moyo, presha hushuka vibaya.

Ganzi sehemu za siri na mkojo umegoma? Wahi hospitali leo leo.