Safu ya Lugha: Ishara si Dalili

Mawingu yakitanda juu ya Mlima Rungwe, mkazi wa Tukuyu anaweza kusema ni dalili ya mvua au ni ishara ya mvua, akaeleweka vilevile. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Ila katika habari za saratani ya mlango wa kizazi, inafaa kuyatenganisha.

Dalili ni kile mwanamke anachokiona au kukihisi: damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga. Ishara ni ujumbe wa ndani ya seli. Protini iitwayo EGFR hukaa kwenye utando wa seli, hupokea agizo la kukua na kulipitisha ndani. Protini nyingine, p53 na Rb, huzuia seli isigawanyike ovyo. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na 18, huvuruga utaratibu huo: protini yao E6 huiangamiza p53, na E7 huidhoofisha Rb.

Vurugu hiyo huweza kuendelea miaka 10 na zaidi bila dalili yoyote.

Ndiyo maana muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja, kisha akatazama kama pana weupe unaoweza kuonyesha seli zilizovurugwa. Kwa mwanamke wa Kiwira au Masoko, "sina dalili" si sababu ya kuahirisha kipimo hicho. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, hutangulia zaidi: huzuia virusi kabla havijaingia kwenye seli.