Sababu ya Kutosha

Waliomvamia binamu yangu Malaba walikuwa wawili, bunduki ilikuwa moja. Saa moja unusu jioni, foleni ya malori imeziba barabara, na kibanda chake cha M-Pesa ndicho pekee kilichokuwa bado na taa. Walichukua pesa zote za droo, simu mbili, na kiatu chake cha kushoto. Hicho kiatu hatujakielewa mpaka leo. Wiki mbili baadaye akanipigia: "Profesa, niandikie barua. Nataka bastola."

Profesa ni jina la kunichokoza. Niliacha chuo mwaka wa tatu ada iliponishinda, na tangu hapo naandika chochote chenye malipo: hotuba za harusi, matangazo ya viwanja, barua za kuomba mkopo. Barua ya bunduki sikuwa nimewahi kuandika. Nikaenda kusoma sheria kwanza, halafu nikarudi nyuma kidogo, halafu nyuma zaidi, ndiyo maana wewe unasoma insha hii na binamu bado anasubiri barua yake.

Sheria yenyewe ni ile ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa 1953. Inataka afisa wa leseni aridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha ya kutaka silaha, hana mazoea ya ulevi, na akili yake ni timamu. (Hapo kwa ulevi, nusu ya wazee wa Amukura wangeanguka kabla jua halijazama. Kwetu mrija wa ajon ni urithi.) Binamu alinisomea fomu kwa simu, akasimama hapo kwa sababu ya kutosha. "Sasa hii ni swali gani? Si niliwekewa mtutu kifuani?"

Kuna Wakenya wanaofikiri kama yeye, na wamejipanga. Wenye silaha za leseni wana chama chao cha kitaifa, NGAO, na kilisikika sana baada ya Desemba 2018, Waziri Fred Matiang'i alipowapa siku 90 wajitokeze wahakikiwe upya, alama za vidole na yote. Hoja ya kambi hiyo ni kwamba jambazi haombi leseni, kwa hiyo kila kanuni mpya inamkaba yule ambaye tayari anatii. Na wana Westgate. Septemba 2013, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia mle ndani kuokoa wengine walikuwepo raia wenye bastola za leseni. Asiyewahi kuwekewa mtutu asikimbilie kuicheka hoja hiyo. Ila Katiba yetu ya 2010 haimpi mtu haki ya kubeba silaha. Marekani wana marekebisho yao ya 1791. Sisi bastola ni ruhusa unayopewa, na aliyekupa anaweza kuichukua.

Hiyo ruhusa ina historia ndefu kuliko Kenya yenyewe. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba huko Brussels, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake wakachora ukanda juu ya Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini, wakapiga marufuku bunduki za kisasa kuingia humo, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wenye vibali, kama vile wasafiri. Mwafrika angeweza kuachiwa gumegume. Amukura iko kama nusu digrii juu ya ikweta, katikati kabisa ya huo ukanda, na sidhani kuna babu yetu hata mmoja aliyepelekewa habari.

Habari ilifika kwa njia nyingine. Majirani zetu Wabukusu walikuwa na bunduki walizopata kwa watoro wa misafara. Mwaka 1894 Mwingereza aliyeitwa Spire, kutoka kituo cha Mumias, alituma askari wa Kisudani wakazichukue. Wabukusu wakawaua. Mwaka uliofuata Charles Hobley akaja na jeshi, akavunja ngome za Lumboka na Chetambe. Kwenye hadithi za shuleni vile ni vita vya upinzani tu. Mimi siku hizi naviona pia kama operesheni ya kwanza ya kupokonya silaha magharibi mwa Kenya, na ilianza kama hizi za leo: rudisheni, la sivyo.

Halafu Kimathi. Wengi tunajua alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, lakini muulize mtu alishtakiwa kwa kosa gani, atakwambia uasi, au mauaji. Hapana. Kosa lililomnyonga lilikuwa kupatikana na bastola bila idhini, na risasi zake, chini ya kanuni za hali ya hatari. Miaka hiyo hiyo walowezi walikuwa wanakula chakula cha jioni na bastola mezani, kando ya chumvi. Niliposoma hilo nilimpigia binamu usiku. Akasema, "Kwa hiyo unaniambia nisiombe, ama niombe haraka?"

Mpaka hapo nilikuwa bado kwenye vitabu. Wikendi iliyofuata nikapanda matatu kwenda nyumbani Amukura, na huko ndiko mambo yalinigeuka.

Mpaka wa Kenya na Uganda ulisogezwa 1902. Kabla ya hapo hata huku kwetu palihesabiwa Uganda. Wateso tukajikuta pande mbili, kwa hiyo nyanya yangu ana dada aliyeolewa upande wa Kumi, na alichokiona huyo dada ndicho mjadala mzima wa bunduki.

Amin alipoanguka 1979, Wakaramojong walivunja ghala la kambi ya Moroto wakajizolea silaha. Wizi wa ng'ombe ukabadilika sura. Wakati wa Obote wa pili, vijana wa Teso nao wakapewa bunduki kama wanamgambo, walinde mifugo. Museveni akaingia 1986, wanamgambo wakavunjwa. Bunduki za Karamoja zikabaki. Yaani walinyang'anywa waliokuwa karibu na rahisi kuwafikia. Ng'ombe wa Teso wakafagiliwa, na watu ambao mahari, shamba na heshima yao vyote vilikuwa ng'ombe wakabaki na kamba mikononi. Uasi ukazuka. Tarehe 11 Julai 1989, wanaume walioshukiwa kuwa waasi walifungiwa ndani ya behewa la treni kwenye stesheni ya Mukura, na 69 wakafa kwa kukosa hewa. Mukura ile na Amukura yetu zimepishana herufi moja. Miaka 14 baadaye, 2003, kundi la Kony lilipoingia Teso, serikali ile ile ikawagawia vijana bunduki upya, wakaitwa Arrow Boys.

Mtoto wa yule dada alikuwa mmoja wa wanamgambo wa kwanza. Bunduki zilipotakiwa kurudishwa, yeye hakurudisha. Aliizika chini ya ghala la wimbi, kwa sababu wezi walikuwa bado wanakuja. Hakuwahi kuipiga tena. Lakini kijiji kilijua ipo. Waasi wakaja kuiulizia, wakamtaka yeye pamoja nayo. Walipoondoka wakaja askari, nao walikuwa wameambiwa. Usiku mmoja akavuka mto Malaba na nguo alizovaa, akalala jikoni kwa nyanya miaka miwili. Akaoa huku, akajifunza kutengeneza baiskeli. Ni mjomba wangu. Ndiye baba wa binamu.

Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote kama mzee wa spoku na gundi. Hiyo hadithi nyanya alinipa siku hiyo, sauti chini, mjomba akiwa pale pale uani amepindua baiskeli ya mtu.

Jioni binamu akafika kutoka Malaba na fomu yake ndani ya bahasha. Akaieleza mbele ya wote: cheti cha tabia njema, polisi, kisha Nairobi kwenye bodi ya leseni. Akataja waliompora. Akasema hakuna wa kumlinda, na hapo hakuna aliyembishia, kwani ni kweli. Mjomba hakusema usifanye. Alifuta mikono kwa kitambaa, akauliza swali moja.

"Ukishapewa, itakuwa inalala wapi?"

Binamu akasema kibandani. Kibanda ni mabati. Akasema basi nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja cha kupanga, na mke na watoto wawili, na ukuta ambao jirani akikohoa unamwambia pole. Akasema atatembea nayo. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei. "Na watu wakijua unayo?"

Mimi nilitaka kuingilia na Brussels yangu na Kimathi wangu, nikajionea haya. Ninaamini walinzi wa haki ya bunduki wamepatia kuhusu woga, na wamepatia kwamba anayetii ndiye hupokonywa kwanza. Teso ni shahidi. Wanachokisahau ni mtaa. Mwenye ua wa ukuta na kabati la chuma anazungumzia silaha moja, na mwenye kibanda cha mabati mpakani anazungumzia nyingine kabisa. Pale Malaba bastola ingekuwa ndiyo mali ya thamani kuliko zote dukani, na wale wawili wangerudi kuifuata hiyo.

Sikumwambia hivyo. Ni rahisi kusema ukiwa unaishi Nairobi na hakuna aliyekuibia kiatu.

Barua iko kwenye simu yangu. Ina aya tatu, na sababu ya kutosha nimeiandika vizuri, hata mimi nilijisifu. Aya ya mahali pa kuihifadhi ndiyo haijaandikwa. Juzi binamu alinitumia ujumbe kwamba siku hizi anafunga saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia, na anapoteza wateja wa jioni wote. Halafu ukaja wa pili: "Lakini hiyo barua usiifute."