Malipo ya Mganga

Hapa Kolwezi neno munganga twaliita daktari na muuguzi pia, bila ubaguzi. Zamani sheria iliwatenga. Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Walikuwako wasaidizi wa waganga, waliosoma miaka mingi na kutibu maelfu ya watu, lakini cheo cha udaktari kilibaki cha Wazungu. Basi madaktari wengi wa Kibelgiji walipokimbia, Shirika la Afya Ulimwenguni likawapeleka wasaidizi 61 Ufaransa wakamalize masomo. Watu wazima, wenye uzoefu, wakaketi tena darasani kama wanafunzi.

Katika mji wetu hospitali kubwa ilikuwa ya kampuni, kwanza Union Minière, kisha Gécamines baada ya mwaka 1967. Mganga alipewa nyumba na mshahara. Miaka ya 1990 uchimbaji wa shaba ulipoporomoka, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Aliyeipenda kazi kwa sababu ya nyumba alikuwa na kila sababu ya kuondoka, nao wagonjwa wakabaki mlangoni.

Kijana akituuliza kwa nini asome miaka mingi, huku rafiki yake aliyeshuka shimoni kuchimba kobalti ameshika fedha wiki hii, hatumkemei. Swali lake ni la haki, na njaa ya nyumbani si kosa lake.

Twamweleza tu habari za Denis Mukwege wa Bukavu, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alimfuata baba yake kwa wagonjwa, akaona kwamba baba aliomba lakini hakuwa na dawa ya kutoa. Alijifunza udaktari Burundi, akabobea katika magonjwa ya wanawake huko Ufaransa, akarudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Akaanzisha ya Panzi mwaka 1999. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa, naye akaenda Ulaya na jamaa yake.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2018. Lakini kabla yake, wanawake maskini wa Kivu waliuza matunda ili wamlipie tiketi ya ndege. Januari 2013 alirudi, na baadhi yao wakajitolea kumlinda kwa zamu, bila silaha.