Laptop ina tundu la laini? Kagua kadi kwanza

Unanunua laptop ya mtumba Kahama au Geita mjini, ina tundu la laini. Usifurahi bado: tundu linaweza kuwepo bila kadi ya modemu ndani. Mwambie fundi afungue mfuniko, aangalie nafasi ya M.2 na nyaya mbili za antena. Nyaya hakuna? Achana nayo, modemu ya USB inatosha.

Zikiwepo, kagua masafa. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya 700 MHz, Vodacom ikapata sehemu. Hayo hufika mbali kuliko ya 1800, jambo kubwa ukiwa machimboni. Kwenye kadi huitwa bendi 28: Sierra Wireless EM7430 inayo, EM7455 haina.

ThinkPad na HP za zamani ni wabishi: BIOS hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake, hata ikiwa nzima.