Dawa Zilizovuka Mnazi Mmoja

Jahazi lililotaka kuingia bandari ya Dar es Salaam miaka ya 1860 lilipita kwenye mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, mbele ya ufukwe ambao leo ni Feri, wanakonadi changu na kolekole tangu alfajiri. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa ameanza kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, na mji unataka watu. Washihiri wakaja, Waswahili wa pwani wakaja, na wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch na Kathiawar wakaja na kufungua maduka. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, lakini wenye maduka hawakuondoka wote.

Pamoja na nguo na mchele, pepo za kaskazi ziliwaletea Wahindi hawa vitu visivyokosekana katika jiko la kwao: manjano, binzari nyembamba, uwatu, haradali, mvuje. Biashara hiyo ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, kinataja samli na mafuta ya ufuta yakisafirishwa kutoka Gujarat hadi bandari za Pembe ya Afrika. Kwa anayeifahamu Ayurveda, hiyo tayari ni nusu ya kabati la dawa.

Ayurveda ni tiba ya Bara Hindi ambayo vitabu vyake vikuu vya kale ni vile vinavyobeba majina ya Charaka na Sushruta. Hesabu yake ni hii: mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata ya upepo, pitta ya moto na kapha ya ute. Zikiwa sawa mtu ni mzima. Moja ikizidi, anaumwa. Katikati ya yote kuna moto wa tumbo. Moto huo ukififia, chakula hata kiwe kizuri vipi hakimeng'enywi, na mabaki yake yanageuka kuwa taka mwilini. Ndiyo maana tabibu wa Ayurveda hukuuliza kwanza unakula nini, saa ngapi, na unalala vipi. Dawa hufuata baadaye.

Mzee wa pwani hangeshangaa kusikia hayo. Naye alilelewa akiambiwa kuna vyakula vya baridi na vya moto, na kwamba mwili una damu, safura, balghamu na sauda. Tiba yake ilitoka kwa Wayunani kupitia kwa Waarabu, lakini Waarabu nao hawakusoma Wayunani peke yao. Baghdad ya Waabbasi ilifasiri vitabu vya Kihindi, na mnamo mwaka 850 tabibu Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alitenga sehemu nzima ya kitabu chake, Firdaws al-Hikma, kueleza tiba ya Wahindi. Kwa hiyo tiba hizi mbili zilipokutana kwenye mitaa ya Dar es Salaam, zilikuwa zimekwisha kukutana mbali huko, miaka elfu moja kabla.

Wakoloni hawakupenda makutano ya aina hiyo. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi: eneo la kwanza la Wazungu, la pili ambalo ndilo Uhindini, la tatu la Waafrika upande wa Kariakoo. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliuendeleza mgawanyo huo, na kati ya Uhindini na Kariakoo kukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ni afya: kila kundi likae mbali na maradhi ya mwenzake. Hata hospitali zilikuwa tayari zimegawanywa hivyo. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kiismailia aliyetajirikia Bagamoyo kwa biashara ya misafara, alitoa fedha ya kujenga hospitali ya Waafrika na Waasia. Wazungu walikuwa na yao ya Ocean Road. Jina la Sewa Haji mpaka leo liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili.

Sasa tazama kichekesho cha mpango huo. Uwanja uliowekwa kwa ajili ya afya ulivukwa kila siku na watu waliobeba dawa. Mpishi wa Kiswahili aliyefanya kazi Uhindini alirudi Kariakoo jioni akijua tangawizi inatwangwa na nini na kwa nini. Maduka ya Wahindi nayo yalikuwamo Kariakoo kwenyewe, yakiuza viungo kwa kijiko na kwa fungu.

Chukua mvuje. Ni utomvu uliokauka, wa rangi ya kahawia, na harufu yake hukuamulia ukae upande gani wa duka. Mama wa Kigujarati hutia chembe kwenye mafuta ya moto kabla ya dengu, ili dengu zisijaze upepo; hapo vata inatulizwa. Mama wa Kiswahili huufunga kwenye kitambaa akamvisha mtoto mchanga, au akaufukiza, kumkinga na jicho na zongo. Tonge ni lile lile, muuzaji ni yule yule, kazi mbili. Wala mvuje si wa Gujarat wala wa pwani yetu: unagemwa Iran na Afghanistan.

Miti ndiyo iliyozama zaidi. Mwarobaini na mlonge, ambayo magome na majani yake yanauzwa Kariakoo kama dawa za asili za babu zetu, asili ya yote miwili ni Bara Hindi. Sidhani hilo linaipunguzia lolote. Watu wamekwisha kuijaribu, wakaipa majina na kazi zao wenyewe. Mtu akikwambia tiba asili ya Dar es Salaam haikuguswa na mgeni, mpeleke chini ya mwarobaini.

Baada ya uhuru serikali ilianza kuichunguza tiba hii badala ya kuipa kisogo. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili, ambacho sasa ni taasisi kamili, na sheria ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 na 2021, wakati viongozi wakihimiza kujifukiza, tangawizi na ndimu zilisakwa sokoni usiku na mchana. Nyungu, yaani kujifukiza huko, iliwafariji wengi. Ushahidi kwamba mvuke uliondoa kirusi haukupatikana.

Siku hizi Ayurveda inarudi mjini kwa njia ya simu, imevaa nguo mpya, ikiuzwa kwa bei ambayo ingemshangaza yule mpishi wa Uhindini. Mengi katika ushauri wake ni mazuri na hayana gharama: amka kabla ya jua, kunywa maji ya uvuguvugu, mlo mkubwa uwe mchana, usile ukiwa umeshiba. Mchuuzi wa Feri anaamka kabla ya jua bila kushauriwa na mtu. Ninachokataa ni kunakili kalenda. Vitabu vile vinagawa mwaka katika majira sita ya India. Sisi tuna masika na vuli, kaskazi na kusi, na mwili wa Dar mwezi Februari unataka maji na madafu, si samli ya msimu wa baridi kali. Tena chai ya tangawizi yenye vijiko vinne vya sukari ni sukari, si dawa.

Sayansi nayo imesema machache yenye uzito. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba kurkumini, kiini cha manjano, huingia kwenye damu kidogo mno, lakini ikichanganywa na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga ongezeko lake hufikia asilimia 2000. Wanaotwanga manjano na pilipili manga kinu kimoja hawakukosea. Ila kuingia kwenye damu si kuponya, na hapo wauzaji wengi huruka hatua. Upande wa pili ni mzito zaidi: mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, Marekani. Kumi na nne zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Basi ukienda Kariakoo, nunua manjano mazima na tangawizi mbichi, ukatwange mwenyewe nyumbani. Kidonge au unga wa kopo usio na namba ya usajili uache pale pale kwenye rafu. Na kama unatumia dawa ya presha au kisukari, mwambie daktari wako kila unachotwanga.