Jumapili ya Weita

Kuna wakati nilifanya kazi ya weita katika mkahawa mmoja katikati ya Nairobi. Sheria ya kwanza niliyofunzwa haikuhusu chai wala chapati. Ilikuwa hii: usikae. Hata kama hakuna mteja, shika kitambaa upanguse meza ambayo umeshaipangusa. Siku ya kupumzika ilikuwa moja kwa wiki, na mara nyingi niliimaliza kitandani, miguu ikiwaka moto. Mtu akiniuliza ninacheza mchezo gani, nilikuwa nacheka tu. Mchezo? Na miguu gani?

Ndiyo maana siku niliposoma kuhusu klabu moja ya makasia huko London, iliyoanzishwa kwa ajili ya wasichana wa kuuza chai, nilirudia ukurasa ule mara mbili.

Kwanza uelewe mto wenyewe. Thames, hata pale unapokatiza mtaa wa Hammersmith mbali kabisa na bahari, hujaa na kupwa kama maji ya Tudor Creek kule Mombasa. Kwa karne nyingi waliopiga makasia hapo walikuwa watu wa kazi: kabla ya madaraja kuwa mengi, wao ndio walikuwa matatu za London. Tangu 1715 vijana waliomaliza uanagenzi wa kazi hiyo wamekuwa wakishindana katika mbio za Doggett's Coat and Badge, ambazo mshindi hupewa koti na beji ya fedha. Kwa hivyo mchezo ulianza mikononi mwa mahasla.

Halafu mabwana wakaupenda. Wakaunda klabu zao, na polepole wakaanza kuuliza nani anastahili kushindana nao. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya Henley waliandika maana rasmi ya mchezaji wa ridhaa: asiwe mtu aliyewahi kuajiriwa kama fundi au kibarua. Chama cha Amateur Rowing Association, kilichoundwa 1882, kilifuata njia hiyo hiyo, kikaongeza na wale wa kazi za utumishi. Sababu moja iliyotolewa itakuchekesha: ati kazi ya mikono humpa mtu misuli, kwa hivyo anamwonea bwana wa ofisini. Yaani umaskini wako umegeuka kuwa faida isiyo ya haki.

Nimetumia neno ridhaa makusudi, manake ndilo tunalotumia tukisema ngumi za ridhaa. Ridhaa ni hiari. Anayecheza kwa ridhaa anacheza kwa sababu anataka, si kwa sababu analipwa kucheza. Lakini sheria hii haikuuliza kama unalipwa kupiga makasia. Iliuliza unakula kwa jasho gani siku nyingine za wiki.

Mtu mmoja aliyekasirishwa na hilo alikuwa mtu wa maneno hasa. Frederick James Furnivall, aliyezaliwa 1825, mtoto wa daktari, alisoma Cambridge na kupiga makasia huko. Mwaka 1861 alichukua uhariri wa kazi ambayo baadaye ilikuja kuwa Oxford English Dictionary. Pia alifundisha katika Working Men's College, chuo cha wafanyakazi kilichofunguliwa London mwaka 1854. Aliwajua mafundi kwa majina, alitembea nao na kula nao. Mwaka 1890 alikuwa mstari wa mbele kuunda chama pinzani, National Amateur Rowing Association, kilichowapokea watu wa kazi za mikono.

Na wanawake? Wao hata sheria haikujisumbua kuwataja. Furnivall alikuwa mteja wa mikahawa ya chai ya kampuni ya ABC, ambako wasichana walisimama kutwa wakibeba sinia. Mwaka 1896, akiwa na miaka 71, alianzisha Hammersmith Sculling Club for Girls, klabu ya wasichana kama hao. Makasia ya aina ile kila mtu hushika mawili, moja kila mkono. Siku yao ilikuwa Jumapili, manake siku nyingine zote zilikuwa za mwajiri. Wapo waliolalamika kwamba Jumapili ni ya kanisa, si ya mto. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na Jumanne yako mwenyewe.

Mwaka 1901 wanaume nao wakakubaliwa, na klabu ikabaki na jina la mwanzilishi: Furnivall Sculling Club. Mzee mwenyewe, hata akiwa amepita miaka 80, alikuwa bado anakwenda mtoni Jumapili, akipanda kutoka Hammersmith hadi Richmond. Alifariki mwaka 1910.

Sitaki umwone kama malaika. Mwaka 1883 alitengana na mkewe, akiwa amevutiwa na mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi sana. Mzee wa aina hiyo akizungukwa na wasichana wa mkahawa, hata mimi ningeinua nyusi. Nimebeba sinia, nawajua wateja wakarimu. Lakini klabu haikuwa mali ya tabia yake. Wasichana walijifunza kusoma maji, kusawazisha mashua nyembamba isipinduke, kurudi nyumbani mikono ikiuma kwa kazi waliyoichagua wenyewe. Hicho kilikuwa chao.

Mlango wa Henley ulichukua muda mrefu zaidi kufunguka. Mwaka 1920 John B. Kelly wa Philadelphia, aliyekuwa mwashi wa matofali, alikataliwa kushindana huko. Mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Antwerp, akamshinda bingwa wa Uingereza, Jack Beresford, akachukua dhahabu. Mwaka 1936 wakakataliwa Waaustralia, kwa sababu walikuwa polisi. Aibu ilipozidi, sheria ikafutwa 1937. Vyama vile viwili viliungana 1956. Wanawake walingoja hadi 1976 kupiga makasia katika Olimpiki.

Sisi huku tunaijua sheria hiyo kwa sura nyingine. Klabu za walowezi wa Nairobi zilikuwa na orodha zake za nani aingie kukaa na nani aingie kubeba sinia, na rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua. Leo milango mingi iko wazi kwa karatasi, ila ada ya uanachama inajua kazi ya kufunga.

Siku moja ya ofu, mimi na mwenzangu wa mkahawani tulikwenda Uhuru Park, tukalipia boti kwenye lile ziwa dogo. Hakuna aliyejua kitu. Yeye alivuta kasia lake kwa nguvu kuliko mimi, tukazunguka palepale kama jiwe la kusaga, watoto ukingoni wakitucheka. Baada ya muda akaacha kuvuta, akanyoosha miguu. "Unajua tumekaa?" akaniuliza.

Tulikuwa tumekaa kweli. Tuliongeza pesa, tukazunguka nusu saa nyingine.