Vyombo vya fedha vya kanisa la Sion: nusu Antalya, nusu Washington

Wadau, nikisema fedha leo sina maana ya noti za mfukoni. Nazungumzia yale madini meupe ya mikufu na pete. Katika Dola ya Bizanti ya karne ya 6, ambayo makao yake yalikuwa Constantinople, madini hayo mengi yaliishia kanisani: kalisi, patena, vyetezo, taa za kuning'iniza, hata majalada ya vitabu vya Injili.

Havikuwa pambo tu. Kwanza vilikuwa sadaka. Mtoaji aliandikisha jina lake kwa Kigiriki, mara nyingi akiwaombea marehemu wake au kutimiza nadhiri. Pili vilikuwa akiba. Vingi vimepigwa mihuri ya serikali, kwa kawaida mitano. Sheria za mfalme Justinian ziliruhusu kanisa kuviuza ili kukomboa mateka. Halafu mnamo 622 mfalme Heraclius, vita na Waajemi vikiwa vimemkaba, akachukua vyombo vya kanisa kuu la Constantinople na kuvigeuza sarafu. Ndiyo maana vilivyobaki ni vichache, na vingi ni vile vilivyofukiwa ardhini.

Mfano ni hazina ya Sion. Ilifukuliwa mwaka 1963 karibu na Kumluca, kusini mwa Uturuki. Maandishi yake yanataja kanisa la Sion Takatifu na askofu Eutychianos, na mihuri yake ni ya zama za Justinian. Vipande vingine vilikutwa vimekunjwa na kupondwa. Kabla vumbi halijatulia, sehemu kubwa ilishatoroshwa nje ya nchi, ikanunuliwa na Dumbarton Oaks, taasisi ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoko Washington. Sehemu nyingine iko makumbusho ya Antalya.

Uturuki imewahi kudai irudishiwe. Wanaotetea Dumbarton Oaks wanasema bila wao vingeyeyushwa kiwandani, na kweli wamevinyoosha na kuvitunza vizuri. Lakini mimi naona kutunza ni jambo moja na umiliki ni jingine. Waliotoa sadaka ile waliitoa kwa kanisa moja, si kwa makabati mawili yaliyotenganishwa na bahari. Bora vikutanishwe, na pale vilipochimbuliwa ndipo mahali pake.

Haya wadau, mnasemaje? Aliyekiokoa chombo ana haki ya kukaa nacho? Uwanja ni wenu.